Watoto Walipotelea Wapi? Kufuata Nyayo za Ugonjwa wa Majipu Yanayorudi

Vitabu vya tiba huianza hadithi hii mahali pamoja: Paris, mwaka 1839. Daktari wa upasuaji anaeleza majipu yanayotoka kwapani, kwenye matiti na kuzunguka njia ya haja kubwa. Mwaka 1854 daktari mwingine wa nchi hiyohiyo anayahusisha na tezi za jasho. Ugonjwa unapata jina, kisha inafuata karne nzima na zaidi ya visu, bandeji na makovu. Katika hadithi hiyo wagonjwa ni watu wazima, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini leo madaktari wa ngozi wanaukuta ugonjwa huohuo kwa wasichana wa miaka 13, na mara chache kwa watoto wasiofika hata miaka 11. Kama watoto hao wapo leo, jana walikuwa wapi?

Kabla hatujaanza safari, tukijue tunachokisaka. Kitaalamu ni hidradenitisi sapurativa, na wanaoishi nayo huiita HS tu. Huanza na kivimbe kigumu chini ya ngozi, chenye ukubwa wa harage, kinachouma kabla hakijaonekana. Makazi yake ni pale ngozi inaposuguana na ngozi: kwapani, kinenani, chini ya matiti, kati ya makalio. Kivimbe kinaiva, kinapasuka, usaha unatoka, harufu inabaki kwenye nguo. Wiki chache zikipita kinarudi palepale au pembeni kidogo. Ukisogeza taa karibu utaona vidoa vyeusi vilivyokaa viwiliviwili, matundu mawili yanayofungukia shimo moja. Ugonjwa ukikomaa, chini ya ngozi huchimbika mifereji inayounganisha jipu na jipu, na juu hubaki makovu magumu yanayomzuia mtu kuinua mkono. Hauambukizi, na hausababishwi na uchafu. Sasa kwa nini mtoto anayeugua bado anaambiwa akaoge vizuri?

Kwetu majibu yako tayari siku zote. Bibi atasema ni damu chafu. Jirani atasema mtoto amekula embe nyingi. Shangazi ataulaumu wembe, na mwingine ataulaumu mtoki, ingawa mtoki ni uvimbe wa tezi za kinena au kwapa unaotokana na kidonda cha mahali pengine, nacho kikipona nao hunywea. Sipendi kuyapuuza maelezo haya haraka. Watu waliyatunga kwa kuangalia miili ya watoto wao, na jambo moja waliliona sawasawa: kuna majipu yanayokuja mara moja na kuna majipu yanayorudi. Je, wataalamu wa Paris waliona zaidi ya hapo?

Nilianza na tarehe, maana tarehe ndiyo kigingi cha kwanza cha kila hadithi. Hapohapo kigingi kikalegea. Waandishi wengi wanataja 1839, lakini wengine wanaorejea kwa daktari huyohuyo na kamusi hiyohiyo ya tiba wanataja 1833. Nani amekosea? Ukifuatilia jinsi kamusi ilivyochapishwa, unagundua kwamba huenda hakuna aliyekosea. Ilitoka juzuu moja baada ya nyingine kwa zaidi ya miaka 10, kwa mpangilio wa herufi. Makala kuhusu kwapa iko kwenye juzuu za mwanzo, na makala kuhusu titi iko mbali zaidi, kwenye juzuu ya 1839. Kwa hiyo maelezo yanayosemekana kuandikwa siku moja yalitawanywa katika kurasa za viungo tofauti. Aliyesoma habari za kwapa peke yake asingejua kwamba titi nalo lina habari yake. Kama ugonjwa wenyewe ulikatwa vipande hivyo, nani angekaa kuhesabu umri wa wagonjwa wake?

Nikajaribu kurudi nyuma zaidi, nikiamini Paris si mwanzo. Kuna kitabu cha tiba cha Kirumi cha karne ya 1, kilichoandikwa kwa Kilatini, chenye sehemu nzima ya majipu na vivimbe. Mwandishi wake anaeleza aina moja ya uvimbe unaopenda kukaa kwapani na kinenani. Kabla ya hapo anaeleza aina nyingine inayofanana na jipu, ambayo anasema huwapata watoto mara nyingi zaidi na kuondoka kwa urahisi, ila kwa vijana ni adimu na ni ngumu kutibu. Moyo wangu ulidunda. Hapa kuna watoto, kuna kwapa, kuna ugumu wa kupona. Lakini niliposoma tena polepole, furaha ikapungua. Watoto wako kwenye uvimbe mmoja, makwapa yako kwenye mwingine, na hakuna mstari unaosema kwamba yanarudi palepale mwaka baada ya mwaka. Uvimbe huo ungeweza kuwa jipu la kawaida, au tezi zilizovimba kwa kifua kikuu. Njia ya Roma iliniishia hapo. Tungeshika nini kingine, zaidi ya kurudi Paris na kuwauliza madaktari wa upasuaji walijuaje waliyoyajua?

Daktari wa 1854 alikuwa mtazamaji hodari. Aliona kwamba majipu haya yanachagua mahali, akajiuliza mahali hapo pana nini cha pekee. Miaka michache kabla yake, mwenzake wa Ufaransa alikuwa ameeleza tezi kubwa za jasho zilizo kwapani, tofauti na zile ndogo zilizotapakaa mwili mzima. Akaunganisha mambo hayo mawili: majipu yako kwapani, tezi kubwa ziko kwapani, kwa hiyo majipu ni ya tezi. Hoja yake ina mvuto, nami nisingependa kumbeza mtu aliyefanya kazi bila vifaa tulivyo navyo. Ila alifikia uamuzi huo kwa kuangalia ngozi kwa nje. Hakukata kipande cha ngozi iliyougua na kukiweka chini ya hadubini kuthibitisha. Hata hivyo dhana hiyo iliingia kwenye jina la ugonjwa na haijatoka hadi leo. Dhana iliyojengwa kwa kukisia ilidumu vipi miaka zaidi ya 130?

Ilidumu kwa sababu ilipata nguzo mpya. Mwaka 1922, huko Bonn, Ujerumani, mwanaanatomia aliyezigawa tezi za jasho katika makundi mawili alilitwisha ugonjwa huu kundi moja, tezi za apokrini. Mtoto huzaliwa nazo, lakini hulala mpaka anapobalehe. Hapo ndipo nilipousimamisha msako na kusoma aya hiyo tena na tena, kwa maana inabeba hukumu iliyojificha. Kama ugonjwa ni wa tezi zinazoamka wakati wa balehe, mtoto wa miaka 9 hawezi kuupata. Daktari aliyefunzwa hivyo, akiletewa mtoto mwenye uvimbe kwapani, angeandika jipu, angepasua, angemrudisha nyumbani. Sina ushahidi wa mtoto mmoja niwezaye kumtaja, na hili nalisema kama dhana yangu. Lakini je, haiwezekani kwamba nadharia yenyewe ndiyo iliyowafuta watoto kwenye kumbukumbu?

Nadharia hiyo ilipata muhuri wake mwaka 1955, Marekani. Watafiti wawili walichukua wanaume 12 wenye umri wa utu uzima. Walinyonyoa nywele za makwapa yao kwa mkono, kisha wakabandika plasta yenye beladona, mmea ambao dawa yake hukausha jasho. Baada ya muda wakaangalia. Wanaume 3 kati ya wale 12 walikuwa wametokewa na vivimbe vilivyofanana na HS. Watafiti wakaeleza kwamba mdomo wa tezi uliziba, uchafu wake ukarundikana ndani, bakteria wakaingia. Kwa miaka mingi jaribio hilo lilinukuliwa kama ushahidi kwamba tezi za apokrini ndizo chanzo. Nani aliwauliza kuhusu wale 9 ambao hawakupata kitu?

Tulitazame jaribio hilo kwa karibu, maana limebeba mzigo mkubwa. Kwanza, nywele zilinyonyolewa. Kunyonyoa unywele ni kukijeruhi kinyweleo, kile kishimo cha ngozi unamoota. Kwa hiyo kabla plasta haijabandikwa, tayari kulikuwa na mshukiwa wa pili ndani ya chumba, naye hakuhojiwa. Pili, wote walikuwa wanaume, ilhali Marekani na Ulaya wanawake wanaougua HS ni kama mara tatu ya wanaume. Tatu, wote walikuwa watu wazima; hakukuwa na mtoto hata mmoja. Sisemi jaribio halikuwa na thamani. Nasema liliulizwa jambo dogo, likatolewa jibu kubwa. Kama mshukiwa halisi alikuwa kinyweleo, ilichukua muda gani hadi mtu akitazame?

Kabla ya kufika huko, kuna kichochoro kilichonivuta pembeni. Mwaka 2007 profesa mstaafu wa magonjwa ya ngozi wa Uingereza alitangaza kwamba mwanafalsafa mashuhuri wa Kijerumani wa karne ya 19, yule aliyehamia London na kuandika kitabu kikubwa kuhusu mtaji, aliugua HS. Ushahidi wake ni barua. Mwanafalsafa huyo alimlalamikia rafiki yake kwa miaka kuhusu majipu ya kwapani, kinenani na makalioni, yaliyomzuia kukaa kitini na kuandika. Alimeza dawa yenye aseniki, na safari moja alishika wembe akajipasua mwenyewe. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mimi nilisita kwa sababu ya umri: malalamiko makubwa yanaanza miaka ya 1860, mwenyewe akiwa amevuka 40. Kisha nikakutana na utafiti wa 2019 uliowauliza wagonjwa wenyewe ulianza lini, na majibu yakaonyesha vilele viwili: mmoja mwishoni mwa ujana, mwingine katikati ya miaka ya 40. Shaka yangu ikapungua nguvu, lakini haikufa. Kumpa maiti jina la ugonjwa kwa kusoma barua zake ni kazi ya hatari. Kilichonigusa ni kitu kingine: barua hizo ziliandikwa na mtu mzima aliyejua kuandika na aliyekuwa na rafiki wa kumtumia. Mtoto wa zama hizo, mwenye maumivu yaleyale, angemwandikia nani?

Turudi kwenye njia kuu. Mwaka 1956, Marekani, HS iliwekwa kwenye kundi moja na chunusi kali na ugonjwa wa majipu ya kichwani, na mwaka 1975 kundi hilo likaongezewa jipu la juu ya mkia wa uti wa mgongo. Yote manne ni magonjwa ya kinyweleo. Dalili ilikuwa mezani. Mwaka 1990 wanapatholojia wawili wa Uingereza waliweka ngozi ya makwapa yaliyougua chini ya hadubini na kuilinganisha na ngozi ya watu wazima wa afya. Walichokikuta ni vinyweleo vilivyoziba na kupanuka kuwa vifuko na mifereji. Tezi za apokrini nyingi zilikuwa salama, na zilizoguswa zilionekana kuunguzwa na moto wa jirani. Uchunguzi wa nchi nyingine uliofuata ukaafiki. Kwa nini basi kinyweleo kizibe, na kikishaziba kinafanya nini?

Hii ndiyo picha ambayo sasa wengi wanaikubali. Chembe za ngozi zinazopanga mdomo wa kinyweleo zinazaliana kupita kiasi, mdomo unaziba. Ndani kinavimba, ukuta unakuwa mwembamba, msuguano wa ngozi kwa ngozi unazidisha, mwishowe ukuta unapasuka. Unywele, mafuta na keratini, ile protini ngumu inayojenga kucha na nywele, vinamwagika ndani ya nyama. Mwili unaviona kama mwiba uliovunjikia ndani. Unatuma askari wake, usaha unajaa, na kinga inayopaswa kuzima moto inabaki imewaka. Bakteria wapo, lakini wamekuja kwenye nyumba iliyokwisha bomoka. Ndiyo maana kupasua jipu na kumpa mgonjwa vidonge vya siku 5 kunaleta nafuu bila kuleta mwisho. Na kinyweleo, tofauti na tezi iliyolala, kinafanya kazi tangu utotoni. Mlango uliokuwa umefungwa na nadharia ya tezi ulibaki na sababu gani ya kufungwa?

Baadhi ya watu walikuwa wameshaanza kuusukuma kutoka upande mwingine. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walizifuatilia familia za wagonjwa na kuona ugonjwa unashuka kutoka mzazi hadi mtoto, kwa namna ambayo mzazi mmoja tu anatosha kuurithisha. Mwaka 2010 wanasayansi wa China walichunguza familia 6 na kukuta hitilafu katika jeni zinazotengeneza kimeng'enya kiitwacho gama-sekretase. Tusilitie chumvi jambo hili: hitilafu hizo zinapatikana kwa wagonjwa wachache tu. Hata hivyo, takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu ana ndugu anayeugua. Jeni haisubiri mtu afike miaka 25. Je, kuna aliyekwenda kuwatafuta wadogo katika familia hizo?

Mwaka 1993 mtoto mmoja anatokea kwenye jarida la ngozi la Uingereza. Majipu yake yalikuwa ishara ya kwanza kwamba homoni za tezi zilizo juu ya figo zimeamka mapema mno. Ripoti kama hizo zikaongezeka kidogokidogo, mgonjwa mmoja hapa, wawili pale. Mwaka 1999 waandishi waliokusanya ripoti za wagonjwa ambao hawajabalehe walitoa kiwango kilichorudiwa sana baadaye: chini ya 2% ya wagonjwa huanza kabla ya miaka 11. Mwaka 2015 Waholanzi waliwauliza wagonjwa 855, na 7.7% wakasema waliugua kabla ya kutimiza miaka 13. Katika kundi hilo la mapema zaidi ya nusu walikuwa na ndugu mgonjwa, kulinganisha na theluthi moja hivi ya wengine, na majipu yao yalikuwa yameenea sehemu nyingi zaidi za mwili. Mtu atasema 2% na 7.7% zinapingana. Hazipingani sana, maana mmoja amekata mstari kwenye miaka 11 na mwingine kwenye 13, na kati ya miaka hiyo miwili ndipo wasichana wengi wanapovunja ungo. Lakini kwa nini namba hizi zote zilipatikana kwa kuwauliza watu wazima waliokumbuka, badala ya kuwahesabu watoto wenyewe?

Jibu nililipata kwenye utafiti wa nchi kadhaa, pia wa 2015, ambao haukuwahusu watoto moja kwa moja. Ulipima muda ambao mgonjwa anasubiri tangu dalili ya kwanza hadi apewe jina sahihi la ugonjwa wake. Kwa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, ni wastani wa miaka 1.6. Kwa HS ni miaka 7.2. Piga hesabu kidogo. Aliyeandikwa kwenye faili kuwa na miaka 21 alianza kuumwa akiwa na 14. Aliyeandikwa 19 huenda alianza akiwa na 12. Na hao ni wa siku hizi, wenye hadubini na kliniki za ngozi. Yule wa Paris ya 1839, aliyefika kwa mpasuaji pale tu alipokuwa hawezi tena kutembea, alianza lini? Kwa maoni yangu hapa ndipo fundo linapofunguka. Umri ulio kwenye kumbukumbu za zamani ni umri wa kufika hospitali, si umri wa kuugua. Watoto walikuwamo kwenye faili tangu mwanzo, ila waliingia wakiwa wameshakua. Kama ni hivyo, lawama nyingine tunazowatupia wagonjwa hawa zitasimama zikipimwa kwa mtoto?

Chukua sigara. Tafiti nyingi za Ulaya zinaonyesha kwamba wengi wa wagonjwa walio watu wazima wanavuta, na maelezo yaliyozoeleka yakawa kwamba wamejitakia. Mtoto wa miaka 10 havuti. Moshi unaweza kuuchochea ugonjwa uliopo, na kuuacha kuna faida, lakini hauwezi kuwa mzizi wa kila mgonjwa. Chukua unene. Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu uhusiano upo hata kwa watoto: wengi wao wana uzito mkubwa, mikunjo ya ngozi inasuguana zaidi, na homoni zinavurugika. Kupunguza uzito huwasaidia baadhi yao. Lakini wembamba wanaugua pia, na wanene walio wengi hawaugui. Chukua usafi, lawama inayouma kuliko zote. Hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kwamba kutokuoga kunaleta HS, na kusugua kwa dodoki ngozi iliyovimba huiumiza zaidi. Ni nani aliyemfundisha msichana wa miaka 13 kwamba harufu ya usaha wake ni kosa lake?

Sasa tuulize upande wetu. Utafiti wa Ufaransa wa 2008 ulikadiria kwamba takribani 1% ya watu wana HS. Uchambuzi wa Marekani wa 2017, uliotegemea mafaili ya hospitali, ulipata 0.1% tu, na kwa Wamarekani weusi kama 0.3%, mara tatu ya wastani wa nchi. Tofauti kati ya 1% na 0.1% ina sababu iliyo wazi: wa kwanza waliwauliza watu, wa pili walihesabu walioandikwa. Faili linahesabu waliofika na kutambuliwa, basi. Katika vituo vyetu vingi vya afya, kumbukumbu ya mgonjwa ni daftari la shule la kurasa 32 analokuja nalo kutoka nyumbani. Fungua daftari la namna hiyo uone jinsi mambo yanavyoandikwa: jipu kwapa la kulia, limepasuliwa, dawa. Miezi miwili baadaye: jipu kwapa la kulia, dawa. Kisha mwandiko mwingine: jipu kinena. Kila ziara ni ugonjwa mpya. Daftari likijaa linanunuliwa jingine, na la zamani linabaki nyumbani. Nani atakayeziunganisha ziara hizo kuwa hadithi moja?

Kuna pia kikwazo chetu cha pekee. Kwapa au kinena kinachotoa usaha kwa miezi, katika nchi ambako kifua kikuu ni cha kawaida, humfanya daktari akishuku kifua kikuu cha tezi, na ana haki ya kukishuku. Lazima kipimwe. Ugumu ni kwamba rifampisini, moja ya nguzo za dawa za kifua kikuu, hutumika pia kutibu HS ikiunganishwa na klindamisini. Mtoto anaweza kupewa dawa za kifua kikuu, akapata nafuu, na kila mtu akaamini kwamba ilikuwa kifua kikuu kweli, mpaka majipu yarudi. Madaktari na maafisa tabibu wa ngozi wanafunzwa mjini Moshi, Tanzania, tangu miaka ya 1990 na wamesambaa nchi nyingi za Afrika, lakini bado ni wachache mno kwa watu waliopo. Mzazi wa kijijini, aliye mbali na kliniki hizo, ana nini cha kushika mkononi?

Ana zaidi ya anavyodhani, kwa sababu HS hutambuliwa kwa macho na kwa historia. Hakuna kipimo cha damu kinachoithibitisha. Mambo matatu yanatosha: aina ya vivimbe, mahali vinapokaa, na kurudi kwavyo, angalau mara mbili ndani ya miezi sita. Ugonjwa ukikamatwa mapema, kabla mifereji haijachimbika, kuna mengi ya kufanya: dawa za kuosha zinazopunguza bakteria, klindamisini ya kupaka, doksisaiklini kwa aliyevuka miaka 8, maana kabla ya hapo meno yanaweza kubadilika rangi. Daktari atapima homoni iwapo mtoto ni mdogo sana, na atakumbuka kwamba watoto wenye ugonjwa wa Down hupata HS zaidi na mapema zaidi. Mifereji iliyokwisha kukomaa hufunuliwa kwa upasuaji na kuachwa ipone kutoka chini kwenda juu. Kuipasua tu na kukamua hakuiondoi. Dawa ya sindano ya adalimumabu iliruhusiwa Marekani kwa watu wazima wenye HS mwaka 2015, na mwaka 2018 ikaruhusiwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Ni ghali, na kwa familia nyingi haifikiki. Lakini itazame tarehe hiyo ya pili: kutoka kamusi ya Paris hadi dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa kijana mwenye ugonjwa huu, ni karibu miaka 180. Ni miaka mingapi kati ya hiyo ilipotea kwa sababu hakuna aliyemuuliza mgonjwa swali moja jepesi?

Nimefuata njia hii kutoka Roma hadi Paris, Bonn, Marekani, China na kurudi kwenye daftari la kurasa 32, na hukumu yangu ni hii. Hadithi iliyozoeleka haikusema uongo kuhusu majipu. Ilikosea kuhusu mwanzo wake. Ugonjwa huu huanza mapema kuliko inavyoandikwa, na wengi wa watu wazima waliomo kwenye kumbukumbu ni watoto waliocheleweshwa. Mzazi, usitupe daftari la zamani. Mwanao akitokewa na majipu mawili au zaidi kwapani au kinenani ndani ya miezi sita, usimkemee wala usimkamue; mpeleke pamoja na madaftari yake yote, na uulize wazi kama inaweza kuwa HS. Nawe mganga unayempokea, muulize alikuwa na umri gani jipu la kwanza lilipotoka, kisha uuandike umri huo.